Wimbo Wenye Wenyewe Wawili

Inspekta Twaibah aliusikiliza wimbo mpaka mwisho, akavua hedifoni, kisha akamwashiria Shakul aurudishe mwanzo.

"Afande, huo ni wimbo wangu," Shakul alisema. "Hata ukiusikiliza mpaka magharibi, hautabadilika."

"Wimbo wako?"

"Namaanisha mimi ndiye niliyeurekodi. Mwenyewe ni huyu dada."

Alimwonyesha Jaliah, aliyekuwa amekaa juu ya kreti la soda karibu na mlango, simu mkononi. Koplo Oliver, mwanamke mrefu aliyekuwa ameegemea fremu ya mlango huo, alicheka.

"Umesikia, Afande? Ameanza kuchanganya mwenyewe ni nani. Mimi naona tumpeleke kituoni, akachanganyie huko."

"Subiri kidogo," Twaibah alisema.

Studio ya Shakul ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la vipuri, mjini Jinja. Kuta zilikuwa zimefunikwa kwa trei za mayai na vipande vya magodoro ili sauti isipige mwangwi. Palikuwa na kompyuta, kinanda kidogo, na feni iliyozimwa kwa sababu kipaza sauti kilikuwa kinainasa.

Malalamiko ya Jaliah yalikuwa yameletwa ofisi ya upelelezi siku iliyotangulia. Jaliah hakuwa na kampuni wala meneja. Alirekodi nyimbo zake mwenyewe, akaziweka mtandaoni mwenyewe, akazitangaza mwenyewe. Kila Alhamisi jioni alitoa kipande kifupi, na kila aliyemwandikia alimjibu. Wengi wa wasikilizaji wake walikuwa wanawake wa Uganda wanaofanya kazi za nyumbani Oman na Saudia. Walimtumia sauti zao wakiimba naye jikoni, polepole, ili mwenye nyumba asisikie.

Kisha ukatoka wimbo wake mpya, "Mgongo Ulionibeba," alioimba pamoja na wapiga embaire, marimba kubwa ya magogo, wa Budondo. Mtandao ukampa onyo la kwanza kwa sababu ya kipande cha kuutangaza. Likaja la pili kwa sababu ya video yenye maneno ya wimbo. La tatu lilikuwa kwa wimbo wenyewe. Maonyo yote yalisema jambo moja: wimbo huu ni mali ya Sauti ya Mlima, na wewe umeuiba. Kama dai halingeondolewa kufikia kesho saa kumi alasiri, chaneli yote ya Jaliah ingefutwa, pamoja na nyimbo zake zote.

"Nyimbo naweza kurekodi tena," Jaliah alikuwa amemwambia Twaibah. "Lakini wale dada sina namba zao. Wananipata hapo tu. Chaneli ikifutwa, tumepotezana."

Jambo la ajabu lilikuwa hili: Sauti ya Mlima walikuwa wameuweka wimbo huo mtandaoni kabla Jaliah mwenyewe hajautoa. Kwenye jalada lao palikuwa na picha ya bibi mzee aliyevaa vazi la gomesi, amekaa mbele ya nyumba ya matofali ya udongo. Jaliah hakumjua bibi huyo.

Twaibah aliigeukia ile picha kwenye simu, kisha akamgeukia Shakul.

"Kabla wimbo haujatoka, nani alikuwa nao?"

"Mimi na Jaliah."

"Nani mwingine?"

"Hakuna."

"Mlango huu una funguo ngapi?"

"Mmoja. Ninao mimi."

"Umewahi kugombana na Jaliah?"

Shakul alijikuna shingo. "Tuligombana kidogo. Yeye alitaka kinubi, mimi nikaweka gitaa."

"Na gitaa likabaki," Jaliah alisema kutoka kwenye kreti lake.

"Likabaki kwa sababu ni zuri!"

"Ni zuri kwa harusi za Kampala."

"Oliver," Twaibah alisema, "lete na ile simu yako. Wewe cheza wa Jaliah, Shakul acheze wa Mlima. Kwanza mmoja, halafu mwingine."

Walisikiliza. Wa Jaliah ulianza na gitaa, embaire ikafuata ikiwa safi na nyepesi. Wa Mlima ulianza na sauti ya mwanamume akiwaita wenzake kwa Kisoga, mbuzi akalia mahali fulani, kisha magogo yakaanza. Chini ya magogo palikuwa na mvumo mzito, kama mtu anayepiga kifua.

"Huu wa Mlima hauna gitaa," Twaibah alisema.

"Hauna," Shakul alijibu.

"Na huo mvumo?"

"Huo ni wa shimo, Afande. Embaire ya Budondo inalazwa juu ya mashina ya migomba, na chini yake wanachimba shimo. Shimo ndilo spika yao. Sasa watu wanasikiliza kwa simu ndogo. Mvumo ukizidi, simu inakwaruza. Kwa hiyo niliupunguza."

"Na mbuzi?"

"Mbuzi nilimkata."

"Kwa hiyo wa Mlima ni wimbo kabla hujaugusa."

Shakul alivuta kiti karibu na kompyuta.

"Ni mbichi," alisema. "Ni ule ule tuliorudi nao kutoka Budondo."

"Kama ungekuwa wewe unayeiba wimbo, ungeuza upi?"

"Uliokamilika. Huo mbichi una mbuzi, Afande. Nani ananunua mbuzi?"

Oliver aliacha kuegemea fremu. Alionekana kama mtu aliyenyang'anywa sahani kabla hajashiba.

"Mbichi ulitoka vipi ndani ya kompyuta hii?" Twaibah aliuliza.

Shakul alitafuta, akaonyesha kidole kwenye kioo. "Niliutoa mara moja tu. Jaliah aliniomba nimwekee kwenye flashi, siku hiyo hiyo tuliyorudi."

Wote watatu walimtazama Jaliah.

"Haiwezekani," Jaliah alisema. "Flashi ile haikuibiwa. Niliitoa."

"Kwa nani?"

"Kwa msikiti."

Jaliah alieleza polepole, kama mtu anayeeleza jambo lisilohusika. Shangazi yake anaishi Nabuyonga, mjini Mbale. Msikiti wa mtaa ule ulikuwa unachangisha mabati. Siku ya mchango watu walileta vitu vya kunadi, aliyepandisha bei zaidi akachukua kitu chake, na pesa zikaenda kwenye mabati.

"Hata sisi kanisani tunanadi," Oliver alisema. "Kuku, keki, kabichi. Mwaka jana kabichi moja ilipita bei ya mbuzi."

"Mimi sina kuku," Jaliah alisema. "Nilikuwa na wimbo. Niliwaimbia kidogo, nikamkabidhi mnadi flashi, nikakimbilia gari la kurudi Jinja kabla mnada haujaisha."

"Nani aliinunua?"

"Sijui. Sikuuliza." Alinyanyua uso. "Lakini Afande, aliyenunua alikuja kumsaidia Mwenyezi Mungu kuezeka nyumba yake. Huyo hawezi kuwa mwizi wangu. Sadaka inageukaje kumng'ata mtoaji?"

"Sijasema mwizi," Twaibah alijibu. "Nimesema flashi."

Alimwambia Shakul asitoke mjini, lakini alisema kwa upole. Kisha aliomba maji, akatawadha nyuma ya duka la vipuri, na kuswali alasiri juu ya kipande cha godoro ambacho Shakul alimtandikia.

*

Kesho yake waliondoka Jinja asubuhi, Oliver akiendesha, Jaliah kiti cha nyuma. Walipita barabara ya Tirinyi, ambako mpunga ulikuwa umeanikwa kwenye maturubai kando ya lami. Twaibah alikuwa na ujumbe mmoja wa kuufuata. Jaliah alikuwa ameupokea pamoja na onyo la pili, kutoka namba ya Kenya: *Wimbo huu una mwenyewe. Uondoe kwa amani.*

Namba hiyo iliwafikisha kwenye duka dogo mjini Mbale, karibu na kituo cha magari yaendayo Malaba. Juu ya mlango paliandikwa SAUTI YA MLIMA, na chini yake: Picha za Pasipoti, Nyimbo kwenye Simu, Wasanii Tunawaweka Duniani. Mwenye duka alikuwa Phanice, Mkenya wa Bungoma, mwanamke mnene mwenye miwani ya kusomea iliyofungwa kamba.

"Karibuni, wateja wangu," alisema, kisha akatazama chini. "Aa. Hawa si wateja. Viatu hivyo ni vya polisi."

"Wewe ndiye Sauti ya Mlima?"

"Mimi na kompyuta yangu, na Bwana Yesu akituongoza."

"Ulimtishia huyu dada," Oliver alisema.

"Kumtishia!" Phanice alivaa miwani. "Wewe ndiye Jaliah? Mama, nilikuandikia kwa adabu. Nilikuandikia mara ya pili kwa adabu zaidi. Afande, naomba usome alichonijibu."

Oliver alipokea simu, akasoma, akakohoa. "Dada Jaliah. Huyu mama umemwita fisi?"

"Nilikuwa na hasira," Jaliah alisema.

"Fisi wa Kenya," Phanice aliongeza. "Nchi nzima imeingizwa. Sisi tulikukosea nini? Hapa Mbale mnakula samaki wetu, mnanunua plastiki zetu."

"Samahani, mama."

"Imeshapita. Kaa hapo kwenye benchi, jua ni kali."

Twaibah alikaa pia. "Nieleze unavyofanya kazi. Tangu mtu anapoingia hapo mlangoni."

"Anakuja na wimbo. Namwuliza, ni wako? Akisema ni wangu, anaweka sahihi, naupandisha. Halafu namwuliza, nikulindie? Akikubali, nabonyeza hapa." Aligusa kioo cha kompyuta. "Nikishabonyeza, mtambo unauchukulia wimbo alama, kama nyinyi mnavyochukua alama za vidole. Unazunguka wenyewe mtandaoni ukitafuta unaofanana. Ukiupata, unadai. Mimi ninaletewa habari tu. Sikeshi nikimwinda mtu."

"Kwa hiyo maonyo yote matatu yametoka kwa mtambo."

"Yote. Mtambo haujui Jaliah ni nani. Unajua nani aliingia kwanza."

Twaibah aliitikia kwa kichwa taratibu. Hapo jambo moja lilikuwa limefunguka. Hakuna mtu aliyekuwa amekaa mahali akimfuata Jaliah hatua kwa hatua. Lilikuwa limebaki la pili.

"Nani alikuletea wimbo huu?"

"Afande, mteja ni mteja."

Twaibah alitoa barua ya ofisi yenye muhuri, akaiweka juu ya meza. Phanice aliisoma yote, pamoja na anwani.

"Alhaji Mubaraka," alisema. "Ana duka la jumla, hapo mbele, sukari na sabuni. Alikuja na flashi ameifunga ndani ya leso. Nilimwuliza kama ninavyowauliza wote, ni wako? Akasema, niliununua mbele ya sheikh na mashahidi. Sasa mimi ni wa Kanisa la Friends. Nitabishana na sheikh?"

"Dai hili unaweza kuliondoa?"

"Kwa neno lake tu. Nikibonyeza bila yeye, duka langu ndilo litafungiwa." Alimtazama Jaliah, na safari hii sauti yake ilishuka. "Na kumbuka ni saa kumi. Mtambo hausubiri mtu amalize kuswali wala kusali."

*

Walimkuta Alhaji Mubaraka akirudi kutoka msikitini baada ya adhuhuri. Alikuwa mzee mwenye ndevu fupi nyeupe, kanzu safi, na penseli nyuma ya sikio. Wapagazi walikuwa wanapanga katoni za sabuni mlangoni. Ndani ya duka, kutoka spika ndogo iliyotundikwa juu ya magunia, embaire ilikuwa inalia. Oliver alisikia mbuzi, akamgusa Twaibah kiwiko.

Walisalimiana. Twaibah alijitambulisha, kisha akamtambulisha Jaliah. Kabla hajamaliza, Alhaji alipiga makofi.

"Jaliah! Huyu ndiye mwenye sauti!" Aliwageukia wapagazi. "Simamisheni kazi. Leteni kiti. Binti yangu, nimekutafuta nikushukuru. Siku ile uliondoka kabla sijakuona. Hajarah! Chai!"

Hajarah, mke wake, alichungulia kutoka nyuma, akamwona Jaliah, akaweka mkono mdomoni kwa furaha.

"Ni vizuri umekuja na polisi," Alhaji aliendelea. "Maana kuna shida. Kuna mtu huko Jinja ameuiba wimbo huu. Anauweka huku na huku, anaukata vipande. Dada Phanice anapambana naye. Nimemwambia asimwachie."

Mpagazi mmoja alibaki na katoni begani.

"Alhaji," Jaliah alisema, "mtu huyo ni mimi."

Alhaji alimtazama, akamtazama Twaibah, akaketi juu ya gunia. Aliinua mkono, na Hajarah akaizima spika.

Twaibah alimweleza kila kitu kwa mpangilio: studio, flashi, mtambo, maonyo, saa kumi. Alhaji alisikiliza bila kumkatiza. Alipomaliza, Alhaji alichukua penseli kutoka sikioni, akaizungusha vidoleni.

"Naona masikitiko yake," alisema. "Lakini mimi nilinunua."

"Ulinunua nini?"

"Wimbo."

"Ukinunua gunia la sukari kiwandani, unanunua na kiwanda?"

Wapagazi walicheka. Alhaji hakucheka, lakini hakukasirika.

"Swali zuri, Afande. Lakini sukari ni nyingi. Mnadi alisimama akasema, wimbo huu hakuna mwingine aliye nao duniani. Dunia nzima ingekuwa na gunia moja la sukari, nikalinunua, ungeniuliza kama nimenunua sukari?"

"Ana hoja," Oliver alinong'ona.

"Una ushahidi wa maneno ya mnadi?" Twaibah aliuliza.

"Ninao. Shughuli yote ilipigwa video." Alhaji alitoa simu, akatafuta, akaiweka juu ya kaunta ili wote waone.

Uwanja wa msikiti ulikuwa umejaa. Mnadi aliinua flashi juu na kusema yale yale ambayo Alhaji alikuwa amesema. Kabla yake alikuwepo Jaliah, amejifunga mtandio wa kijani, akisema kwa sauti ya wazi: "Mimi sina mali. Natoa wimbo huu kwa nyumba ya Mwenyezi Mungu."

Alhaji alisimamisha video. "Umejisikia, binti yangu? Wewe ulitoa. Msikiti ukauza. Mimi nikanunua. Sadaka ikishatolewa hairudishwi. Nani hapa ni mwizi?"

"Hakuna," Jaliah alisema. "Ni kweli nilisema hivyo."

Twaibah alimtazama. Hakutegemea jibu la moja kwa moja namna hiyo.

"Alhaji," Jaliah aliendelea, "sidai ulichonunua. Kaa nao, uucheze dukani mpaka wateja wachoke. Lakini kinachofungwa leo si wimbo huu tu. Kuna dada mmoja yuko Muscat, kila Ijumaa ananiandikia kwamba bado yu hai. Sijui jina lake wala kwao. Ananipata hapo tu."

"Anaweza kuusikia wimbo kwangu."

"Kwako atausikia wimbo mmoja. Mimi hatanipata."

Hajarah aliweka chai mbele yao. Aliweka kikombe cha mumewe mwisho, kwa kishindo kuliko vingine.

"Nikiuachia," Alhaji alisema, akiwa sasa anasema zaidi na kikombe kuliko na wageni, "watu wa Nabuyonga wataniuliza, Alhaji, uliona nini? Nilishindana na watu pale. Mwenye kiwanda cha kukoboa mchele alikuwa hataki kuachia. Nikashinda mimi. Sasa nikatangaze kwamba nilishinda hewa?"

"Bibi aliyeko kwenye jalada ni nani?" Twaibah aliuliza.

"Marehemu mama yangu. Kwao ni Budondo. Aliolewa huku mlimani akiwa msichana, na mpaka anakufa alisema jambo moja: Mbale kuna kila kitu, ila hakuna embaire. Niliposikia magogo yale kwenye flashi, pamoja na wimbo wenyewe unamtaja mama, nilijua ni wake. Ndiyo maana nikaweka picha yake. Dunia imwone."

"Mwenyezi Mungu amrehemu."

"Amin."

Twaibah alivuta simu ya Alhaji karibu. "Naomba niitazame video hii mpaka mwisho. Wewe umeisimamisha katikati."

"Tazama."

Mnada uliendelea kwenye kioo. Bei zilipanda, watu wakashangilia, mwenye kiwanda cha mchele akatikisa kichwa na kuketi. Alhaji alionekana akisimama na kuinua mkono wake. Mnadi alimpa kipaza sauti. Sauti ya Alhaji ilisikika vizuri: "Hizi ni za mama yangu. Mwenyezi Mungu amfikishie thawabu zake." Uwanja mzima ukaitikia amin.

Twaibah alirudisha nyuma, akacheza maneno hayo tena, akazima simu.

"Alhaji, nina swali moja. Siku ile ulinunua, au ulitoa?"

"Si ni kitu kimoja? Pesa zilikwenda kwenye mabati."

"Wewe ni mfanyabiashara, unalijua hili kuliko mimi. Kama ulinunua, zile pesa zilikuwa bei ya bidhaa. Muuzaji amechukua pesa, mnunuzi amechukua mali, wameachana salama, hakuna anayemdai Mwenyezi Mungu chochote. Mteja akinunua sabuni hapa, haandikiwi sadaka. Na kama ulitoa, basi pesa zimekwenda zilikotumwa, kwa mama yako, na flashi ilikuwa kumbukumbu tu. Mimi siwezi kukuchagulia. Lakini nimekusikia ukizituma mahali pamoja, na leo unazidai mahali pengine."

Alhaji aliweka kikombe chini. Nje, lori la Kenya lilikuwa linarudi kinyumenyume, na mtu akipiga kelele kulielekeza.

"Wewe ni polisi au sheikh?"

"Polisi, Alhaji. Kwa sheria niliyofundishwa, sioni hapa mtu wa kumtia pingu. Mahakamani mngeweza kubishana miaka, na huenda ukashinda. Ndiyo maana nimebakiwa na swali tu."

"Na kama nikisema nilinunua?"

"Nitaandika hivyo kwenye faili, nitakunywa chai yako, nitaondoka."

Alhaji aliwatazama wapagazi, nao wakajifanya wanahesabu katoni. Alimtazama Hajarah. Hajarah alikuwa anapangusa kaunta iliyokuwa safi tayari.

"Wewe unasemaje?" alimwuliza.

"Mimi sikuinua mkono siku ile," Hajarah alijibu. "Aliyeinua ndiye anajua aliinua kwa nini."

Ilikuwa imepita saa tisa na nusu. Jaliah hakuitazama simu yake. Alikuwa ameiweka mapajani kioo kikiangalia chini, na midomo yake ilikuwa inasogea bila sauti. Oliver, ambaye dua za Kiislamu hakuzijua, aliinamisha kichwa pamoja naye.

Alhaji alimkabidhi Hajarah simu yake. "Nipigie yule Mkenya. Weka sauti ya nje, wasikie wote."

Phanice alipokea kabla haijaita mara ya pili.

"Dada Phanice, ni Mubaraka. Lile dai la wimbo, liondoe."

"Bwana asifiwe. Nilikuwa nimekaa hapa mbele ya kompyuta nasubiri. Ngoja." Vidole vyake vilisikika vikigonga. "Alhaji, mtambo unataka sababu."

"Andika, sikununua. Nilitoa."

"Hiyo haimo. Zimo zake tu, ni za kuchagua."

"Basi chagua iliyo karibu nayo."

Phanice aliisoma orodha. "Kuna ya mkataba kwisha. Hiyo siyo, hamkuwa na mkataba. Kuna ya kupatana na kugawana, hiyo inachukua siku. Inayofaa leo ni moja, lakini..." Alisita. "Inasema, mdai alidai kisichokuwa chake."

Wapagazi waliacha kuhesabu. Alhaji alivua kofia, akaipangusa vumbi ambalo halikuwepo, akaivaa tena.

"Hiyo itasomwa na nani?"

"Ni ya wazi, Alhaji. Yeyote atakayefungua."

"Hata wa Nabuyonga?"

"Hata wa Nabuyonga. Na jina lako lipo chini yake."

Alhaji aliinama karibu na simu ili asisikike vibaya.

"Bonyeza," alisema.